Profesa, tupatie fichier: walimu wa vyuo vikuu wafundishwe, na walemavu wenyewe wawe wafundishaji



Kuko mwenzetu mmoja mwanafunzi anakaaka kila siku kwenye mstari wa kwanza wa auditoire, upande wa mlango, na waya ya simu ndani ya sikio moja. Siku ya kwanza ya kozi moja, profesa alimwona akamuliza mbele ya watu wote: "Wewe, unakuja kusikiliza muziki mu kozi yangu?" Promosheni nzima ikacheka. Akatolewa inje.

Ule kijana haoni. Simu yake inamsomea maandishi kwa sauti, na asubuhi hiyo alikuwa anajaribu kusoma silabusi ya kozi ile ile. Hata kama profesa angemwacha ndani, asingesoma kitu. Silabusi ambayo CP alimtumia kwa WhatsApp ilikuwa picha za karatasi zilizopigwa na simu, ukurasa mmoja mmoja, zingine zimelala kiupande, zingine zimekatwa na kidole. Simu ilikuwa inamwambia tu: "Picha. Picha. Picha."

Alituelezea hii habari kwenye mkutano wetu wa juma, bila hasira, sawa mtu anayeelezea ginsi mvua ilimnyeshea njiani. Tukaanza kuuliza wengine. Kila mmoja alikuwa na yake.

Simu anayo. Aliinunua yeye mwenyewe, kwa faida ya kuuzisha mega mbele ya kwao. Programu ya kusoma iko ndani ya simu, bure. Kinachokosekana ni mwalimu mwenye kujua nini iko ndani ya ile simu na nini yeye anapaswa kufanya ili simu ipate kitu cha kusoma. Njo maana leo tunaomba jambo moja: Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, pamoja na kamati za usimamizi za vyuo, za serikali na za watu binafsi, zifundishe maprofesa, wakuu wa kazi na maasistanti namna ya kutumia teknolojia kwa kusaidia wanafunzi wanaoishi na ulemavu. Na wafundishaji wawe walemavu wenyewe.

Tunajua mtatuambia nini. Inchi iko kwenye vita, watu wanalala chini ya mahema, na ninyi mnaleta habari ya silabusi? Ndiyo, tunaileta, na tunaileta juu ya vita pia. Nenda Bukavu, pale Heri Kwetu. Nenda Goma, pale Shirika la Umoja. Ni fasi ambako watu waliokatwa miguu na mikono wanatengenezewa viungo na wanajifunza tena kutembea. Kati yao kuko vijana wa umri wetu. Ule aliyepoteza jicho au mkono akiwa na miaka 20 atataka kurudi kwenye masomo yake, na akirudi atakuta ubao, karatasi na mwalimu ambaye hajawahi kuulizwa kama anajua kumfundisha. Kisha kuko wale waliozaliwa vile, na wale ambao surua au malaria kali iliwapokonya macho ao masikio wakiwa watoto. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na ulemavu mkubwa. Angalia auditoire yako ya watu 300, uhesabu. Wale wengine wako wapi?

Kuhusu sheria, tutapita haraka, juu sheria ziko na zimeandikwa vizuri. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wanaoishi na ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Tarehe 30 mwezi wa tisa 2015 inchi yetu iliingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinasema wazi kwamba walimu wa kila ngazi wafundishwe, na kwamba chuo kikuu nacho kinapaswa kujirekebisha ili mlemavu asome sawa na wengine. Tangu 2019 serikali iko na waziri mjumbe anayehusika na watu wanaoishi na ulemavu. Na tarehe 3 mwezi wa tano 2022, miaka 16 nyuma ya Katiba, tulipata sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Katiba alikuwa karibu kumaliza masomo ya sekondari. Sasa karatasi ziko. Tuongee juu ya auditoire.

Simu nyingi za Android zinatoka dukani na programu inaitwa TalkBack. Ukiiwasha, simu inasoma kwa sauti kila kitu ambacho kidole kinagusa. Ukigusa mara moja inasema, ukigusa mara mbili inafungua. Kwenye kompyuta za Windows kuko NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, ambao wote wawili hawaoni. Walichoka kuona kwamba programu za kusoma skrini zinauzwa bei kuliko kompyuta yenyewe, wakatengeneza yao wakaitoa bure. Inasoma Kifaransa, inasoma hata Kiswahili, ijapokuwa kwa sauti ya roboti yenye mafua. Na tena, unaweza kuiweka kwenye kle USB ukatembea nayo toka mashini moja mpaka ingine bila kuomba ruhusa ya kuiingiza ndani. Haiombi mega. Umeme ukienda, batri ya mashini inatosha kwa saa mbili tatu.

Lakini hizi programu zinasoma maandishi, hazisomi picha ya maandishi. Hapa njo walimu wengi hawajui, na si kosa lao, hakuna mtu aliwaambia. Kwa macho yako, ukurasa uliochapwa kwa kompyuta na ukurasa uliopitishwa kwenye skana ni sawa. Kwa ile programu, wa kwanza ni kitabu na wa pili ni ukuta. Silabusi nyingi zetu ni ukuta: zilichapwa zamani, faili ikapotea, ikabaki karatasi, karatasi ikatolewa fotokopi ya fotokopi, kisha mtu akaiskani akaiita PDF. Kuko programu zinazoweza kugeuza picha kuwa maandishi, na zinasaidia kama karatasi ni safi. Kwa fotokopi ya tano yenye madoa, zinaleta maajabu. Kwa hesabu na kemia, usizitegemee kabisa.

Hata faili nzuri inaweza kusumbua. Mwalimu anaandika kichwa cha sura kwa kukoleza herufi na kuzifanya kubwa, macho yanaelewa. Programu haielewi, inaona mstari sawa na mingine. Angetumia vile vichwa ambavyo Word yenyewe inatoa, mwanafunzi angeruka toka sura ya 1 mpaka sura ya 4 kwa kubonyeza mara chache. Sasa inabidi asikilize kurasa zote mpaka afike. Jedwali la uchumi lililowekwa kama picha, halisomeki. Mchoro wa mwili wa mtu mu kozi ya anatomia, bila maneno mawili matatu ya kuueleza, halipo kwa huyu mwanafunzi. Na kwa wale wenye Word ya Kifaransa: ndani ya "Révision" kuko kitufe "Vérifier l'accessibilité". Kinakuonyesha chenyewe fasi zenye shida. Ni maasistanti wangapi wamewahi kukibonyeza? Sisi tuliwauliza wachache tunaowafahamu. Walituangalia tu.

Na kuko jambo ambalo haliombi kompyuta hata kidogo. Profesa anaandika ubaoni huku anasema: "Ukitoa hii hapa, ukaipeleka huku, unapata ile." Hii gani? Huku wapi? Mwalimu akisoma kwa sauti kile anachoandika, asiyeona anafuata, na wale wa nyuma kabisa, ambao hawaoni ubao juu ya vichwa 200 vya mbele, nao wanafuata. Akigeuka akaangalia watu wakati anaongea, asiposema na ubao, asiyesikia vizuri anaweza kumsoma midomo. Tunaandika hii ndani ya habari ya teknolojia kwa sababu mashini haiwezi kutafsiri "hii hapa".

Wenzetu wasiosikia wana hali yao, na tuombe msamaha mapema, tunaijua kidogo kuliko ile ya wasioona. Kuko programu za simu zinazoandika maneno wakati mtu anasema. Live Transcribe ya Google ilitoka 2019, inaandika Kifaransa. Mu chumba kitulivu, simu ikiwa karibu na mdomo wa mwalimu, inasaidia kweli. Mu auditoire yenye jenereta inanguruma dirishani, na profesa anayechanganya Kifaransa na Kiswahili na kidogo ya Lingala, inaandika vitu vya kuchekesha. Mwalimu aliyefundishwa atajua kwamba anapaswa kukubali kuvaa maikrofoni ndogo, ao kuweka simu ya mwanafunzi mezani pake, ao kutoa muhtasari ulioandikwa mbele ya kozi. Atajua pia kwamba programu haichukui nafasi ya mkalimani. Kwa watu wengi wasiosikia, lugha yao ya kwanza ni ya alama, na Kifaransa cha kuandika ni lugha ya kigeni. Na ile lugha ya alama si kuigiza kwa mikono sawa vile wengine wanafikiri. Andrew Foster, Mmarekani mweusi asiyesikia, alizunguka Afrika kuanzia mwaka 1957 akifungua mashule ya viziwi, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Lugha za alama za inchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa zinatokana na ile kazi yake. Kuko vijana wa hapa kwetu wanaozungumza na wenzao wa Afrika ya Magharibi kwa video, kwa mikono, wakati sisi wenye kusikia tunatafuta bado tusemeshane kwa lugha gani.

Sasa tuguse fasi inayouma. Mwenzetu wa mstari wa kwanza alienda kwa asistanti wa kozi ingine, akaomba faili ya silabusi kwa upole. Alijibiwa: "Fichier siwezi kukupatia, yaya. Kesho itakuwa kila fasi, na mimi nitakula nini?"

Tuseme ukweli. Silabusi ni pesa. Mu vyuo vyetu vingi mwalimu anauzisha silabusi kwa karatasi, na kuko fasi ambako asiyenunua haandikwi kwenye liste, na asiyekuwa kwenye liste anaogopa pointi zake. Hatuwatukani walimu. Asistanti ambaye mshahara wake haufiki, ao ambaye anafundisha miaka mingi bila kulipwa na serikali, tunajua kwa nini anashikilia ile karatasi. Mshahara wake tunaudai pamoja naye, tumeshaudai na tutaudai tena. Lakini gharama ya ule mshahara isibebwe na mwanafunzi asiyeona. Yeye akinunua silabusi ya karatasi, amenunua nini? Amelipa sawa na wengine kwa kitu ambacho hawezi kukisoma, kisha anamlipa tena mtu wa kumsomea, ao anamwomba mdogo wake, ambaye naye iko na masomo yake.

Suluhisho si ngumu: anunue silabusi kwa bei ya wote kama ni lazima, na siku hiyo hiyo apewe faili ya maandishi kwa jina lake. Anayeogopa kwamba faili itazungushwa, aandikiane na mwanafunzi karatasi ya ahadi. Karatasi fotokopi nayo inazungushwa kila siku pale sekretaria za mbele ya chuo, na hakuna profesa ameipeleka mahakamani. Na wale wanaosema "haki ya mwandishi" wajue kwamba mataifa yaliketi Marrakech mwaka 2013 yakafanya mkataba mzima ili kumtolea asiyeona kopi anayoweza kusoma isiitwe wizi.

Mitihani pia. Mpaka leo kuko wanafunzi wasioona wanaopewa mtu wa kuwaandikia, mara nyingi mtu ambaye hajasoma kozi ile. Unamtamkia jina la dawa ao la msanifu wa sheria, anaandika anavyosikia, na pointi zinakatwa. NVDA kwenye kle, mashini isiyo na intaneti, maswali kwenye faili, muda wa kuongezwa, asistanti anakaa karibu kulinda. Mwanafunzi anaandika mwenyewe. Walimu wanaogopa udanganyifu, tunaelewa, lakini mashini iliyokatwa intaneti inadanganya kidogo kuliko yule rafiki wa kuandikia.

Basi mafunzo yenyewe yawe namna gani? Hatutaki semina. Semina tunazifahamu: hoteli, banderole, chupa ya maji, perdiem, foto ya familia, na ripoti inayosema walimu 50 "wameimarishwa uwezo". Kesho yake, silabusi ni picha ile ile. Sisi tunaomba mafunzo yafanyike ndani ya fakulte, alasiri mbili ao tatu, na kila mwalimu aje na silabusi yake mwenyewe kwenye kle. Saa ya kwanza, anawasha TalkBack, anafunga macho, na anajaribu kusoma ukurasa wa 3 wa kozi yake. Mwanafunzi asiyeona anakaa pembeni yake na kumwelekeza. Tunaamini ile saa moja itafundisha kuliko hotuba za waziri. Kisha anatengeneza: vichwa, majedwali, maelezo ya michoro. Haondoki mpaka kozi moja isomeke toka mwanzo mpaka mwisho. Muhula unaofuata, anarudi na ingine.

Wafundishaji wako. Wanafunzi wanaotumia hizi programu kila siku wanazijua kuliko mtaalamu yeyote wa kutoka Kinshasa ao wa ugaibuni. Mashirika ya walemavu mu miji yetu yako na watu wenye kujua alama na breli. Walipwe. Tunasisitiza, juu tunajua desturi: mtalaam wa inje analipwa dola, mlemavu anapewa fanta na asante. Na chuo kimteue mtu mmoja kwa kila fakulte, mwenye jina na namba ya simu inayobandikwa kwenye tabela, ambaye mwanafunzi atamwendea mbele ya kozi kuanza, badala ya kuomba profesa mmoja mmoja sawa anaomba sadaka.

Pesa? Hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Wakati wa RAM, kati ya 2020 na 2022, serikali ilijua vizuri namna ya kukata unité ndani ya simu za kila mtu, mwenye kuona na asiyeona, bila kutuuliza. Tulisimama barabarani mpaka ikaondolewa. Hatutaamini leo kwamba hawana ya kulipa wafundishaji wachache kwa alasiri tatu.

Kuko vitu ambavyo mafunzo hayatatengeneza. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu ambaye kozi yake imewekwa kwenye orofa ya pili haombi programu. Anaomba kozi ishushwe chini. Hiyo inafanyika kwa kalamu, siku moja, na katibu mkuu wa masomo. Tumeiandika ili mtu asije akajificha nyuma ya neno "teknolojia".

Na sisi wenyewe? Mwenzetu yule yule, mkutano ukiisha, alituuliza: "Na ninyi, matangazo yenu mnaandikaka kwa nani?" Tukanyamaza. Kwa miaka tumekuwa tunaweka matangazo yetu hapa kama picha: karatasi yenye kichwa, sahihi, muhuri, imepigwa foto. Simu yake inasema "Picha" kwetu pia. Kuanzia leo kila tangazo letu litatoka kwa maandishi, na picha zetu za maandamano zitakuwa na maelezo chini yake. Yale ya zamani tunayaandika upya kidogo kidogo. Anayetaka kutusaidia kuyachapa, aje.

Juma lijalo tutapeleka barua kwenye sekretaria za vyuo vya mji wetu, na tutaomba zipigwe muhuri wa kupokelewa. Tutarudi nyuma ya siku 30 kuuliza jibu, na jibu tutaliweka hapa, hata likiwa kimya. Kwa wanafunzi: kama mu promosheni yenu kuko mwenzenu asiyeona ao asiyesikia, CP aende mbele ya kozi ya kwanza ya juma amwombe profesa faili, kwa heshima, mbele ya watu, asimwachie yule mwenzenu aende peke yake. Mkiambiwa hapana, tuandikieni ni fakulte gani na mlijibiwa nini. Majina ya walimu tusiyatafute, hatutayatangaza. Mkiambiwa ndiyo, tuandikieni vilevile, tunataka kujua wamefanyaje.